Msukumo Uliofichwa: Wasomaji wa One Piece na Swali la Mhusika Mwovu

Msomaji anapokutana na mhusika mwovu katika hadithi huuliza, kabla ya mengine yote, kwa nini mtu huyu anatenda hivi. Swali hilo ni la haki, na hakuna mhakiki awezaye kulikwepa. Shaka huanza pale msomaji anapolikataa jibu lililo mbele ya macho yake, akashikilia kwamba lipo jingine ambalo mwandishi amelifukia mahali, na kwamba hilo la chini ya ardhi ndilo la kweli. Katika makala haya nakusudia kulichunguza jambo hili kwa kutumia kazi moja isiyozoeleka katika kurasa hizi, yaani hadithi ya picha ya Kijapani iitwayo One Piece, ya msanii Eiichiro Oda, iliyoanza kutolewa katika jarida la kila wiki la Shonen Jump mwezi wa Julai 1997.

Yamkini wapo wasomi wenzangu watakaouliza manga ya maharamia inaingiaje katika jarida la idara ya lugha za Kiafrika. Ningeweza kujibu kwa tarakimu: mwaka 2015 Guinness waliitambua kuwa hadithi ya picha ya mwandishi mmoja iliyochapishwa kwa nakala nyingi kuliko zote, zaidi ya milioni 320. Ningeweza pia kusema kwamba ilipogeuzwa kuwa mchezo wa filamu wenye waigizaji halisi mwaka 2023, upigaji picha wa sehemu ya kwanza ulifanyika Cape Town. Lakini sababu yangu ni nyingine, nayo ni ya kikazi. Vijana tunaowafundisha tenzi na riwaya huja darasani wakiwa wamekwisha kupata mafunzo yao ya kwanza ya uhakiki, na hawakuyapata kwetu. Wameyapata katika kubishana juu ya kazi kama hii: ni nani baba wa nani, mhusika fulani anaficha nini, mwandishi alidokeza nini katika sura ya miaka kumi iliyopita. Namna hiyo ya kusoma huipeleka baadaye kwa Shaaban Robert na kwa Kezilahabi. Ni wajibu wetu kuijua, kuipima, na kusema wazi inapofaa na inapopotosha.

Hadithi yenyewe, kwa muhtasari, ni ya Monkey D. Luffy, kijana mwenye mwili wa mpira na kofia ya nyasi, anayesafiri baharini kuitafuta hazina iliyoachwa na Gold Roger ili awe mfalme wa maharamia. Wanaompinga ni maharamia wenzake pamoja na Serikali ya Dunia na majeshi yake ya majini. Kila kisiwa kina mtesaji wake, na kila mtesaji ana wasomaji wake wanaomtungia historia.

Mtindo huu wa kumtungia mwovu historia haukuzaliwa Japani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Coleridge, akiandika juu ya Iago katika Othello, aliona kwamba mtu yule hujitafutia sababu za uovu ambao kwa hakika hauna sababu. Iago hutaja kupitwa na Cassio katika cheo, hutaja tetesi juu ya mkewe, na kila anapotaja sababu nyingine ile ya kwanza huzidi kudhoofika. Mwaka 1904 A. C. Bradley aliwachambua wahusika wa Shakespeare kana kwamba walikuwa na maisha nje ya jukwaa, na mwaka 1933 L. C. Knights akamjibu kwa insha yenye kichwa cha dhihaka, akiuliza Lady Macbeth alikuwa na watoto wangapi. Knights alitaka turudi kwenye maneno ya tamthilia yenyewe. Nilipokuwa masomoni ng'ambo insha hiyo ilikuwa bado inasomwa kama dawa ya ugonjwa uliokwisha kupona. Haukupona. Umehamia tu kwa wasomaji wengine, na lazima tukiri kwamba wasomaji hao wana udhuru ambao Bradley hakuwa nao.

Udhuru huo ni kwamba kazi wanayoisoma ilikuwa ikitoka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Msomaji wa Othello ana maandishi kamili mikononi. Aliyeifuata One Piece wiki hadi wiki alikuwa na maandishi yanayoendelea kuota. Katika hali hiyo kila pengo laweza kuwa ni kusahau kwa mwandishi au ni ahadi yake. Oda mwenyewe aliwazoesha wasomaji kungoja majibu: kuanzia kitabu cha 4 alitenga kurasa za kujibu maswali yao, mengine ya maana na mengine ya upuuzi mtupu, naye akayajibu yote kwa roho ileile ya mzaha. Basi nadharia ya msomaji wa aina hii huwa ni vitu viwili kwa wakati mmoja. Ni ufasiri wa yaliyoandikwa, na ni ubashiri wa yatakayoandikwa. Ubashiri hupimwa kwa swali moja tu, umetimia au haukutimia, na huo si uhakiki. Kama mhakiki mimi napenda kipimo kingine: je, nadharia hii, hata mwandishi akiikanusha kesho, itakuwa imetuonyesha jambo lililomo ndani ya maandishi ambalo hatukuliona?

Tuanze na nadharia inayofaulu katika kipimo hicho. Marshall D. Teach, aitwaye Ndevu Nyeusi, anamuua mwenzake wa merikebu moja kwa ajili ya kupata tunda lenye nguvu za giza, na tangu hapo huendelea kupanda kwa usaliti. Lakini mara ya kwanza Luffy anapokutana naye, mwaka 2002, Teach ni mtu wa kula na kunywa katika mji wa walevi. Wanagombana kama watoto juu ya chakula, kile anachokisifu mmoja mwenzake akikiponda. Kisha, baada ya Luffy kudharauliwa na kupigwa bila kurudisha, mtu huyuhuyu anamtia moyo kwa maneno ya ndoto zisizokoma. Anapoondoka, Nami anauliza huyo ni nani. Luffy anasema kwamba si huyo. Na mwenzake Zoro anaongeza kwamba ni hao, labda. Kijapani kinatumia aitsu kwa mmoja na aitsura kwa wengi. Juu ya tofauti hiyo ya silabi moja wasomaji wamejenga nadharia kubwa: kwamba ndani ya mwili wa Teach mna nafsi zaidi ya moja. Wakaunganisha na bendera yake yenye mafuvu matatu, na kauli ya Marco katika vita vya Marineford vya mwaka 2010 kwamba mwili wa Teach haukuumbwa kama wa watu wengine, na hatimaye na habari iliyotolewa mwaka 2019 kwamba mtu huyu tangu kuzaliwa hajawahi kulala.

Ipo maana nyepesi ya wingi ule: wenzake Teach walikuwa wametawanyika mjini wakijifanya watu wa kawaida, na Zoro aliwahisi. Maana hiyo inatosha kwa mtiririko wa matukio, wala sitaki kubashiri ipi itakuja kuthibitishwa. Linalonivutia ni kazi waliyoifanya wasomaji. Wameisoma nomino badala na idadi yake kwa makini ambayo sisi walimu wa sarufi tungeitamani kwa wanafunzi wetu. Tena wameligusa jambo la kweli katika uchoraji wa mhusika huyu, kwamba Teach ni mwoga na jasiri, mpole na katili, mwenye subira ya miongo na papara ya dakika, na kwamba tabia hizi hazichanganyiki ndani yake bali hupokezana. Hata ikija kudhihirika kwamba nafsi yake ni moja tu, kama zetu, wasomaji hawa watakuwa wametufundisha kumtazama. (Mfasiri wa Kiswahili, akipatikana, atakuwa na kazi hapo. Akiandika "ni hao" amefungua mlango wa wenzake waliojificha mjini. Ule wa nafsi nyingi utabaki wazi kwa msomaji mwenye kupekua tu, na hilo si baya.)

Nadharia ya pili ina nguvu zaidi kwa kuwa inahusu pengo lililochimbwa na mwandishi mwenyewe kwa makusudi. Charlotte Linlin, malkia wa maharamia apendaye utamu kupita kiasi, alitupwa na wazazi wake akiwa na miaka mitano. Alilelewa katika nyumba ya mayatima na Mama Carmel, mwanamke aliyeheshimika kama mtakatifu ilhali kwa siri alikuwa akiwauza watoto kwa serikali. Katika sherehe ya kutimiza miaka sita, mtoto huyu mwenye mwili wa ajabu anakula mnara wa keki kwa furaha iliyopofuka, anakula na meza, na anapofumbua macho Mama Carmel na watoto wenzake hawapo. Zimebaki nguo zilizotapakaa. Mashahidi wawili wanaona kwa mbali. Mmoja anakimbia kwa hofu, wa pili anacheka na kuwa mpishi wa Linlin. Haandiki mwandishi kilichotokea. Sura hizo zilitoka mwaka 2017, na msomaji anayesema kwamba mtoto aliwala hajatunga chochote, amesoma tu. Linlin mwenyewe ndiye asiyejua. Anaishi miaka yote akiiweka picha ya Mama Carmel mezani na kumlilia, akitumia nguvu zilizokuwa za mama huyo bila kujiuliza alizipataje. Hapa msukumo uliofichwa umefichwa kwa mhusika wala si kwa msomaji, na huo ni ufundi wa hali ya juu, ambao ningeuweka bila haya mbele ya darasa la riwaya.

Sasa tutazame upande wa pili. Crocodile alikuwa mmoja wa maharamia saba waliopewa kibali na serikali, na watu wa Alabasta, nchi ya jangwa, walimwona kuwa shujaa wao. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiiba mvua yao kwa unga wa kichawi, akasababisha ukame wa miaka, akaupaka uchafu jina la mfalme, na kuwasukuma wananchi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe ili aitwae nchi na silaha ya kale iliyofichwa humo. Msukumo wake umeelezwa bayana. Lakini miaka kadhaa baadaye, katika gereza la Impel Down, anatokea Ivankov, mwenye uwezo wa kumgeuza mwanamume kuwa mwanamke na mwanamke kuwa mwanamume, naye anadokeza kwamba anaijua siri ya Crocodile. Katika vita vinavyofuata Crocodile anamkinga Luffy asiuawe. Kwa vipande hivyo wasomaji wameshona nadharia mashuhuri: kwamba Crocodile aliwahi kuwa mwanamke, na kwamba ndiye mama mzazi wa Luffy, ambaye mama yake alikuwa hajatajwa.

Sina ugomvi na ujasiri wa nadharia hii. Vitendo viwili vya Crocodile katika vita vile vinahitaji maelezo, na hilo wameliona sawasawa. Ugomvi wangu ni huu: tuikubali kuwa kweli, kisha tuulize imetuangazia nini katika Alabasta. Haielezi tone moja la mvua iliyoibwa. Tena inatufanya tumsahau mtu ambaye mwandishi alimweka pale tumkumbuke, mzee Toto wa Yuba. Oasisi ya Yuba imefukiwa na dhoruba za mchanga anazozituma Crocodile, na wengine wote wameihama. Toto amekonda hata hatambuliki, naye anachimba mchanga, kila siku anachimba. Usiku mmoja anachimba hadi anapata unyevu, anakamua maji ya kujaza kibuyu kidogo tu, na kumpa Luffy safarini. Maji yale machache ndiyo yanayomsaidia Luffy baadaye kuugundua udhaifu wa adui yake, kwamba mchanga ukilowa hushikika. Hivyo ndivyo hadithi ilivyojengwa: mtesaji anashindwa kwa jasho la mteswa. Msomaji anayetumia kurasa mia kutafuta tumbo lililomzaa Luffy, na asiwe na aya moja ya Toto, ameiacha hadithi na kufuata cheti cha kuzaliwa.

Septemba 2025 vijana wa Antananarivo walitoka barabarani kwa sababu ya kukatika kwa maji na umeme, na miongoni mwa alama walizobeba ilikuwamo bendera ya Luffy, fuvu lenye kofia, ila kofia yenyewe wameibadilisha kuwa ya Kimalagasi. Vijana wa Indonesia na Nepal walikuwa wameitumia bendera hiyo mwaka uo huo. Sidai kwamba yeyote kati yao alikuwa akimfikiria Toto. Nasema tu kwamba kuna namna ya kuisoma kazi hii inayoanzia kwa wenye kiu, na kwamba namna hiyo haikungoja ruhusa ya wahakiki.

Swali gumu linabaki: je, mwandishi mwenyewe si ndiye anayewafundisha wasomaji kwamba nyuma ya kila uovu pana jeraha? Mfano unaotolewa kila mara ni Donquixote Doflamingo. Sura za mwaka 2014 zinasimulia kwamba alizaliwa katika tabaka la Tenryubito, makabaila wanaojihesabu kuwa miungu. Kwamba baba yake, kwa wema uliochanganyika na ujinga, aliacha hadhi hiyo ili waishi kama binadamu. Na kwamba watu waliokuwa wameonewa na tabaka lile waliwalipizia wao, wakawatesa mchana kweupe. Doflamingo akiwa na miaka kumi anamuua baba yake. Wasomaji wengi huishia hapo na kusema kwamba sasa tumemwelewa. Lakini mwandishi hakuishia hapo. Doflamingo ana mdogo wake, Rosinante, aliyefukuzwa pamoja naye, aliyekula jalalani pamoja naye, aliyetundikwa ukutani pamoja naye. Rosinante anakuwa mtu mpole hata kifo, tena anaufia wema huo kwa mkono wa kaka yake, kwa ajili ya mtoto asiye wake. Jeraha ni moja, ndugu ni wawili, na njia zimeachana. Kama jeraha lingekuwa ndilo jibu, Rosinante asingekuwa na kazi yoyote katika hadithi.

Sisi wa Kiswahili tunaufahamu muundo huu. Katika Adili na Nduguze (1952) Shaaban Robert anatupa ndugu watatu wa baba mmoja, na wawili kati yao amewapa majina ya Hasidi na Mwivu, kama kwamba anatuambia tusihangaike kutafuta msukumo wao kwa kuwa umeandikwa usoni. Jambo la kuvutia ni kwamba siri iliyofichwa katika kitabu hicho ni ya mwema. Adili anaonekana akiwachapa manyani wawili kila usiku, na Mfalme Rai anataka kujua sababu ya ukatili huo. Maelezo yake ndiyo hadithi. Mwandishi ametumia hamu yetu ya kufichua kwa kumweka mtu mwadilifu katika kiti cha mshtakiwa, wakati wivu, ambao ndio uovu wenyewe, ameuacha uwanjani bila pazia. Wapo wahakiki waliouona utaratibu huo wa majina kuwa ni usahili wa kifani. Mimi naona kwamba una hekima ambayo riwaya nyingi za baadaye, zenye waovu wa visa virefu vya utotoni, zimeikosa.

Oda naye ana mwovu wake asiye na pazia, na namna wasomaji walivyompokea inatoa ushahidi mkubwa kuliko mwingine wowote nilioutaja. Hody Jones ni kiongozi wa watu-samaki wanaotaka kuwaangamiza wanadamu wote. Yeye ndiye aliyempiga risasi Malkia Otohime, aliyekuwa akihubiri amani, kisha akamsingizia mwanadamu. Katika sura ya mwaka 2011 mwana wa malkia anamuuliza wanadamu walimtenda nini hata awachukie hivyo. Msomaji aliyezoea anangoja kumbukumbu: mama aliyeuzwa utumwani, kijiji kilichochomwa. Hody anajibu kwamba hawakumtenda lolote. Kauli hiyo ikiisha kutamkwa, mwana wa malkia anaelewa kwamba adui huyu hana kitu ndani.

Wengi walimlaumu mwandishi kwa hilo. Walisema Hody ni mwovu hafifu, hana kina. Naona kwamba walikuwa wakidai siri ambayo kutokuwapo kwake ndiko kulikokuwa maudhui. Wala isidhaniwe kwamba Hody hana chanzo. Anacho, tena kimewekwa hadharani: alikulia katika mtaa wa walioachwa, akisimuliwa na wakubwa wake visa vya dhuluma ambazo yeye hakuzionja, akarithi chuki bila ya kurithi mateso yaliyoizaa. Hiyo ni sababu ya kijamii, na haionekani kwa mtu anayepekua utoto wa Hody akitafuta tukio moja la siri. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba nadharia za msukumo uliofichwa ni mwendelezo wa uhakiki wa kijamii tuliourithi kutoka miaka ya 1970. Uhakiki ule, pamoja na ugumu wake wa shingo, uliuliza mhusika amesimama wapi katika jamii na nani anafaidika na tendo lake. Nadharia hizi huuliza nani alimuumiza alipokuwa mdogo. Maswali haya mawili hayana udugu wa karibu kama yanavyodhaniwa.

Madarasani mwetu tofauti hiyo huonekana upesi. Mwanafunzi akiulizwa juu ya mhusika dhalimu hujibu kwa kumtungia maisha ya utotoni ambayo hayamo kitabuni, naye mwalimu, kwa kuona kwamba ni dalili ya ubunifu, humpa alama. Ningependa aombwe kwanza ataje ukurasa. Akiutaja, kama wasomaji wa Teach wanavyoitaja nomino yao, tumsikilize hata kama hitimisho lake linatutisha. Asipoutaja, aulizwe walioumizwa ni akina nani na wanasema nini.

Maana katika kisa hichohicho cha watu-samaki yumo aliyeumizwa, na anasema. Arlong, mtu-samaki aliyetawala kijiji cha Nami, alitoza kila mtu kodi ya uhai, na mama mlezi wa Nami, aliyekuwa na fedha za kuwakomboa watoto wake wawili tu, aliuawa mbele yao. Miaka zaidi ya kumi baada ya kisa hicho kuchapishwa, Jinbe anamsimulia Nami historia ya Arlong: utumwa wa watu-samaki, Fisher Tiger aliyewakomboa watumwa na kufa akikataa damu ya wanadamu, hasira ya waliobaki. Historia hiyo ni ya kweli na ni nzito, na Jinbe yuko tayari kuibeba lawama. Nami anasikiliza hadi mwisho. Kisha anamwambia Jinbe kwamba anayemchukia yeye ni Arlong.